Ishirini na Sita, Mara ya Pili

Tarehe 3 Machi

Kaka,

Shikamoo. Ningeanza kwa kukuambia kwamba huku sote ni wazima wa afya, maana ndivyo tulivyofundishwa kuanza barua, na kweli wazima tupo, magoti ya mama ni yale yale. Lakini mimi nimesimamishwa kazi, na wanasema nimeiba nyumba.

Ukiona barua ya karatasi zama hizi ujue simu yangu haipo. Iko kwenye droo ya Mwenyekiti wa chama, pamoja na kompyuta yangu ya ofisini, kwa uchunguzi. Ya mama sitaki kuigusa kwa sababu mama hajui kitu, na nyumba yetu unaijua, ukikohoa chumbani sebuleni wanakupa pole. Kwa hiyo naandika, na barua naipeleka mwenyewe kwenye ofisi ya vifurushi pale stendi ya basi. Nawe unijibu kupitia hapo hapo.

Nikueleze. Chama chetu cha nyumba cha wafanyakazi wa kiwanda cha nguo kimejenga majengo mawili nyuma ya ghala la pamba. Kila jengo lina ghorofa nne, na lifti ilibaki kwenye ramani. Nyumba za chini zinagombewa, za ghorofa ya nne zinakimbiwa. Nani akae chini na nani apande, tulikubaliana iamuliwe kwa bahati. Zamani tungetia vikaratasi kwenye kapu, lakini tangu uchaguzi wa kamati ulipoharibika wanachama hawataki kuona kapu wala mkono unaoingia kapuni. Ndipo kikanunuliwa kisanduku.

Ni kompyuta ndogo, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia, imeunganishwa na mashine ya kuchapa. Mimi kama karani kazi yangu ni kukiwasha mbele ya ukumbi mzima na kubonyeza kitufe chake kimoja. Kinatoa karatasi yenye namba za wanachama, zimepangwa kwa bahati. Anayetangulia anapewa nyumba ya kwanza ya chini, wa mwisho analala karibu na paa.

Mwaka jana tulipiga kura hiyo ya bahati kwa ajili ya jengo la kwanza. Namba ishirini na sita ilitangulia, ya fundi mmoja wa kutia rangi vitambaa, akarukaruka hadi kofia ikamdondoka. Jumamosi iliyopita ikawa zamu ya jengo la pili, wanachama wengine kabisa, idadi ile ile, namba zao zikaanzia moja upya. Ikatangulia ishirini na sita. Safari hii ishirini na sita ni mama.

Furaha yangu ilidumu muda wa kumeza mate. Mzee mmoja alisimama nyuma ya ukumbi, mkaguzi wa vitambaa mstaafu, yule ambaye mama anasema alikuwa akipitisha kidole kwenye kila jora kutafuta uzi uliokatika. Alikuwa ametunza karatasi ya mwaka jana. Akaanza kusoma kwa sauti: ishirini na sita, tatu, arobaini, kumi na moja. Akamwomba Mwenyekiti asome yetu: ishirini na sita, tatu, arobaini, kumi na moja. Wakaendelea hivyo hadi namba ya mwisho. Kisha mtu akasema hapa pana mkono wa mtu, na vichwa vyote vikanigeukia.

Ungefikiri nini wewe? Aliyewasha ni mimi. Aliyeandikisha wanachama na kuwapa namba ni mimi. Aliyepata ya chini ni mama yangu. Hata mimi ningejishuku.

Mama hakuwepo, viti vya ukumbini vinamuua mgongo. Nilirudi nikamwambia amepata ya chini, nikaishia hapo. Kila asubuhi navaa nguo za kazi, naaga, naenda kukaa kwenye benchi la abiria stendi hadi jioni. Kaka, wewe ndiye unayezijua hizi mashine. Nisaidie kabla sijamwaga unga kabisa.

Mdogo wako,
Kitindamimba

*

Tarehe 9 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Wifi yako alipoona bahasha iliyoandikwa kwa mkono wa kike alinitazama kwa jicho ambalo sitaki kuliona tena, mpaka alipoutambua mwandiko wako. Sasa anakusalimu, na watoto wanamsalimu shangazi yao.

Miaka yote mnaniuliza nafanya kazi gani, nami natafuna maneno. Leo nitajaribu. Kompyuta ikiwashwa, kuna programu kuu inayoamka kwanza na kuziongoza nyingine zote. Tunaiita mfumo endeshi. Ndani ya mfumo huo kuna kipande kinachotoa namba za nasibu, namba ambazo hata mwenye mashine hawezi kuzibashiri. Mimi na wenzangu tunakitunza kipande hicho. Kwa hiyo umebisha hodi kwa mwenyewe.

Nianze na baya. Orodha nzima kujirudia si bahati. Bahati inaweza kurudia namba moja, ikatuchekesha. Haiwezi kurudia karatasi nzima kwa mpangilio ule ule, hata mkikibonyeza kisanduku chenu mpaka wajukuu wazeeke. Mzee wenu wa nyuzi alikuwa na haki ya kusimama. Ama mtu ameitia orodha mle ndani, ama kisanduku chenyewe kina kasoro ninayoijua vizuri. Ili nijue ni ipi, nieleze kila kitu kilichochomekwa ndani yake, kinavyowashwa, kinatunzwa wapi, na nani alikitengeneza. Usiache hata kinachoonekana cha kipuuzi.

La mwisho nauliza kama kaka yako. Je, ulijua? Kama ulijua, niambie mimi kabla hujawaambia wao. Magoti ya mama nayajua, sitakulaani. Lakini siwezi kukutetea nikiwa nusu gizani.

Kaka yako

*

Tarehe 15 Machi

Kaka,

Shikamoo. Haya majibu yako.

Hakuna kilichochomekwa isipokuwa umeme na mashine ya kuchapa. Kamati iliogopa wizi, ikaziba kila tundu. Kibodi hakuna, kwa sababu mtu angeandika namba. Waya wa mtandao hakuna, kwa sababu mtu angeingilia kutoka mbali, na lile tundu lake limejazwa gundi. Kadi yenye programu imefungwa isiandikike tena, ili mtu asibadilishe kitu. Mjumbe mmoja alisema saa ya ndani inaweza kutegeshwa, nayo betri yake ikang'olewa. Kisanduku kinakaa kabatini kwa Mwenyekiti, funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Siku yenyewe kinatolewa, kinawashwa, taa ikiwaka nabonyeza.

Alikitengeneza fundi mmoja wa mjini. Siku ya majaribio, kikiwa hakina kibodi wala waya, kilikaa kimya muda mrefu baada ya kuwashwa, watu wakaanza kupiga miayo. Mwenyekiti akamwambia fundi hataki mashine ya kumwaibisha mbele ya wanachama. Fundi akaondoka nacho, akakirudisha, na tangu hapo kinajibu papo hapo.

Swali lako la mwisho nililisoma nikiwa nimesimama kwenye dirisha la vifurushi, hadi dada wa dirishani akaniuliza kama nimepata msiba. Watu wa chama wananishuku kwa sababu hawanijui. Wewe ulinibeba mgongoni. Umeniuliza kama nimewaibia wenzangu, halafu ukanitangazia msamaha kabisa, kana kwamba jibu unalo.

Sikujua.

Mdogo wako

*

Tarehe 22 Machi

Mdogo wangu,

Nimekosea. Sina maelezo marefu. Wifi yako aliisoma barua yako, akasema ningekuwa kaka yake angenipiga kwa mwiko, na niko mbele yake kila siku, kwa hiyo naishi kwa tahadhari. Nisamehe.

Sasa keti vizuri kwenye benchi lako, kwa sababu nimekupatia jibu na ni jibu zuri.

Kompyuta haina bahati. Haijui kukisia wala kubahatisha, inajua kuhesabu tu, na ukiianzishia hesabu pale pale itamalizia pale pale, leo na kesho. Ukitaka namba isiyobashirika, lazima uitafute nje ya mashine. Ndivyo mfumo endeshi unavyofanya. Unasikiliza vidole vya mtu vinavyogonga kibodi, na muda mdogo mdogo unaopita kati ya herufi moja na nyingine, kwa sababu hakuna anayegonga sawasawa mara mbili. Unasikiliza ujumbe unaoingia kwa waya wa mtandao, huu umewahi na huu umechelewa. Vipande hivyo visivyo na mpango, kazini tunaviita vurugu. Mfumo unavikusanya kwenye chungu kimoja, unakoroga sana, na kila programu inayotaka namba ya nasibu inachotewa humo.

Tatizo ni pale mashine inapoamka tu. Chungu ni kitupu. Mtu hajagusa kitu, mtandao haujaleta kitu. Mashine za kawaida zina ujanja wake. Kabla ya kuzimwa huweka kando akiba kidogo ya mkorogo wa leo, ili kesho zisianze na njaa. Zile mpya zinakuwa hata na kifaa cha ndani kinachochota vurugu kwenye joto la umeme wenyewe. Kisanduku chenu ni cha zamani, hakina kifaa hicho. Na akiba hakiwezi kuweka, kwa sababu mmeifunga kadi isiandikike. Hata saa yake inaanza tarehe ile ile kila kikiwashwa, kwa sababu mmeng'oa betri. Kamati yenu iliziba kila mlango ambao mwizi angepita, na bahati nayo ilikuwa inapita humo humo.

Bado kulikuwa na kinga moja. Programu inaweza kuuomba mfumo namba kwa njia mbili. Kuna njia ya kusema, nipe chungu kikijaa, nitangoja. Kuna nyingine ya kusema, nipe ulichonacho sasa hivi. Ule ukimya wa siku ya majaribio, watu walipopiga miayo, ulikuwa ni mfumo unafanya kazi yake kwa uaminifu: sina cha kukupa, subiri. Mwenyekiti akaona aibu, fundi akabadilisha njia. Tangu hapo kisanduku kinachota kwenye chungu kitupu kila kikiwashwa, na utupu ni ule ule siku zote. Nadhani hata kitufe chako hakibadilishi kitu. Orodha inakuwa imeshapangwa taa inapowaka, wewe unaagiza kuchapa tu.

Nimetafuta kisanduku kama hicho, nikakiziba vile vile juu ya meza yangu. Nimekizima na kukiwasha mpaka wenzangu wakaniuliza kama nimerukwa na akili. Orodha haijabadilika.

Kwa hiyo huna haja ya kuapa wala kulia mbele ya mtu. Waombe wakitoe kabatini mbele ya wanachama, awashe na kubonyeza mtu mwingine, wewe ukae mbali. Kitatoa ishirini na sita. Jengo la kwanza liachwe kama lilivyo, kwa sababu siku ile hakuna mtu duniani aliyeijua orodha, na bahati haitakiwi kuwa zaidi ya hapo. Jengo la pili lirudiwe, kwa sababu safari hii orodha ilikuwa mfukoni mwa yeyote aliyetunza karatasi. Fundi arudishe ile njia ya kungoja, achomeke kibodi, na kila mwanachama aje agonge anavyopenda kabla ya kupiga. Hapo mtakuwa na vurugu za kutosha na kusaza.

Barua ya pili iliyomo kwenye bahasha hii nimeiandika kwa ajili ya Mwenyekiti, bila utani. Mpe.

Kaka yako

*

Tarehe 30 Machi

Kaka,

Shikamoo. Nilishakusamehe nilipofika kwenye mwiko. Maelezo yako nimeyaelewa yote, na nilicheka peke yangu stendi kama mwehu, kwa sababu kumbe kweli mimi si mwizi. Nilianza kuwa na wasiwasi.

Lakini barua ya Mwenyekiti sijampa. Iko chini ya godoro.

Siku moja kabla sijapokea yako, aliniita ofisini. Alinikaribisha kiti, akafunga mlango, akanisemesha kama baba. Nikiandika barua ya kuacha kazi, kwa sababu za kifamilia, simu yangu nitarudishiwa, jina langu halitabandikwa ukutani, na orodha haitaguswa. Chama hakitaki kurudia. Waliopata za chini wameshaanza kununua mapazia. Akasema, "Binti, mama yako ataingia nyumba yake kwa amani. Fikiria." Nina mpaka katikati ya mwezi.

Nimefikiria. Nikimpa barua yako, natoka msafi na jengo la pili linarudiwa. Mama anarudi kuwa namba mojawapo kati ya arobaini na kitu. Wewe unajua mahesabu kuliko mimi, niambie nafasi yake ya kupata tena ya chini. Juzi nilimpeleka akaitazame. Alipita mlangoni bila kuinua mguu, kaka, akasimama katikati ya sebule tupu akasema, "Hapa cherehani, hapa mimi." Amesimama kwenye mashine za kufuma tangu sisi hatujazaliwa, na magoti yake yaliishia pale. Sasa kwenda chooni usiku anashika ukuta. Nimpandishe ghorofani kwa sababu ya jina langu?

Kazi nitapata nyingine. Jina watu watalisahau. Nitasaini. Usiniandikie tena juu ya jambo hili, tafadhali, maana ukiandika nitabadili nia.

Mdogo wako

*

Tarehe 5 Aprili

Mdogo wangu,

Umeniambia nisiandike, nami naandika.

Ukisaini umekiri. Hakuna atakayesoma sababu za kifamilia akaelewa kingine. Mama atakaa chini, sawa, na kila anayepita mlangoni kwake kupanda ngazi atajua anapita mlango wa mwizi. Na wewe utakuwa unamtembelea kwa kujificha. Umemuuliza mama kama anaitaka nyumba ya bei hiyo? Hukumuuliza, kwa sababu jibu lake unalijua.

Mimi siwezi kulijua jambo hili halafu nimwandikie mama kuhusu hali ya hewa. Leo nimempelekea barua yake. Nimemweleza yote, kisanduku, chungu, Mwenyekiti na benchi la stendi. Itafika pamoja na hii. Nikasirikie, nimeshazoea.

Kaka yako

*

Tarehe 11 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mwandiko wangu usiucheke, vidole navyo vimeanza kufuata magoti.

Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu ya kile chungu. Mara ya pili nimekielewa. Kiwandani tulikuwa na mashine ya kupanga nyuzi za rangi, ukiiwasha asubuhi inaanza na mstari mwekundu kila siku iendayo kwa Mungu, hata uipige teke. Hakuna aliyesema imelogwa. Ninyi mnaosoma sana mnashangaa mapema.

Haya mengine hukuniambia jipya sana. Nilijua dada yako haendi kazini. Ndimi ninayefua. Mtu aliyeshinda ofisini na wino na mashine ya kuchapa harudi na kola safi na vumbi la stendi mgongoni. Nilinyamaza nikidhani ni mambo ya mwanaume, nikasema atasema mwenyewe. Hilo la kuitwa mwizi sikulijua, na limenichoma. Jirani zangu wote walijua, wakanisalimia kwa adabu iliyozidi, nami nikadhani ni heshima ya nyumba mpya.

Jana nilimwita, nikamwambia akae. Nikamwambia, "Leta barua ya Mwenyekiti." Akasema ipi. Nikasema, "Iliyo chini ya godoro, kaka yako amenieleza aliituma, na wewe huna mahali pengine pa kuficha tangu utoto." Akaileta kwa machozi. Alikuwa ameshaandika na ile ya kuacha kazi, bado sahihi tu. Nikaichana. Akaniambia, "Mama, hutaweza ngazi." Nikamwambia ngazi ni zangu, sikumpa kazi ya kuzipanda kwa niaba yangu.

Nilikasirika, mwanangu, nisiseme uongo. Nilimkasirikia kwa kuniona mimi ni mzigo wa kutafutiwa nyumba kwa jina la wizi, halafu nikamkasirikia zaidi kwa kutaka kunibeba bila kuniambia. Kisha tukalia wote wawili, chai ikapoa.

Asubuhi hii tumekwenda ofisini kwa Mwenyekiti. Ofisi yake iko juu. Nimepanda pole pole, nikimwomba dada yako subira kila baada ya vidato vichache, naye karani wake mpya ametoka mlangoni kutazama nani anahema hivyo. Nimeweka barua yako mezani. Amesema mambo haya ni ya kitaalamu, mama, hutayaelewa. Nikamweleza chungu. Akaisoma barua, akavua miwani, akasema kurudia kutaleta zogo. Nikamwambia mkaguzi mstaafu yuko kwenye benchi nje, nimemwita mimi, nitoke nimwambie nini?

Mkutano ni wiki ijayo.

Mama yako

*

Tarehe 29 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Simu nimerudishiwa, ingawa nimeona nikuandikie, kwa sababu kwenye simu ungenikatiza.

Ukumbi ulijaa hadi watu wakasimama madirishani. Kisanduku kilitolewa na wale watu watatu wenye funguo. Aliwasha Mwenyekiti mwenyewe. Mimi nilikaa mstari wa nyuma kabisa, mikono juu ya magoti, mahali ambapo kila mtu angeweza kuiona. Taa ilipowaka, kabla hajabonyeza, mkaguzi mstaafu alisimama na karatasi yake ya mwaka jana, akaanza kusoma. Ishirini na sita, tatu, arobaini, kumi na moja. Mwenyekiti akabonyeza, mashine ya kuchapa ikaanza kumfuata mzee namba kwa namba, yeye mbele, yenyewe nyuma. Watu wengine walicheka, halafu wakaacha. Wakakizima, wakakiwasha tena, akabonyeza mwingine. Ikawa vile vile. Mama alikuwa mstari wa mbele na mto mgongoni, na sikumwona akigeuka hata mara moja.

Fundi aliitwa, akasoma barua yako, akasema ndivyo, alibadilisha kwa sababu aliambiwa. Hakubishana. Alirudisha njia ya kungoja hapo hapo, akachomeka kibodi, na Mwenyekiti akatangaza kwamba kila mwanachama apite agonge.

Ungekuwepo. Watu walewale waliosema hawataki kuona mkono karibu na mashine walipanga mstari kwenda kuigusa. Mmoja aliandika jina lake kwa herufi moja moja, akitafuta kila herufi kama iliyoanguka chini. Mama mmoja alipiga kwa ngumi mbili, akasema hiyo ni ya mume wangu. Mkaguzi alipitisha kidole kimoja juu ya vitufe vyote, safu kwa safu, taratibu, hadi wa nyuma yake wakalalamika. Mama aligonga mara chache tu, akarudi kukaa. Kisha kisanduku kikanyamaza kidogo, na safari hii hakuna aliyepiga miayo. Nilikuwa naomba, kaka. Sitakuficha. Niliomba ishirini na sita, huku nikijua kwamba ikitoka nimekwisha, na bado niliomba.

Ilitangulia kumi na nane. Mwenyekiti aliendelea kusoma, nami nikawa nahesabu nyumba za chini zikiisha. Zikaisha. Ghorofa ya kwanza ikaisha, ya pili, ya tatu. Alipoanza ya nne watu walikuwa wameanza kunitazama, si kama siku ile. Ishirini na sita ilisomwa karibu na mwisho. Ghorofa ya nne, mlango wa mwisho upande wa ngazi.

Hata waliopata za chini hawakushangilia, walikuwa wanamtazama mama. Mama akasema, "Nimesikia," akachukua mto wake.

Sheria hairuhusu kubadilishana, tuliitunga sisi wenyewe ili watu wasiuziane. Nimeuliza hata hivyo. Mwenyekiti alisema hapana huku akitazama viatu vyake, na najua alikuwa na haki.

Tulipokuwa tunatoka, mkaguzi mstaafu alinifuata. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, mbele za watu, akasema, "Binti, sasa nimeamini." Wengine wakaja nyuma yake, mmoja mmoja, wakanishika mkono nao. Kazi nimerudishiwa. Nimekuwa mtu safi kuliko wote pale chamani, kwa sababu hakuna anayeweza kusema niliiba nyumba ile. Niliwashukuru wote. Moyoni nilikuwa nasema ningependa msiniamini mpaka kufa, na mama akae chini.

Tulienda kuitazama leo. Mama alipanda akikaa kila penye kituo cha ngazi, mimi nyuma yake na kiti. Tulipofika nilianza kumwomba radhi, akaniambia niache, nimemharibia pumzi bure. Akaenda dirishani, akalifungua. Halafu akasema, "Watu wamenisalimia leo kwa kawaida."

Tunahama mwisho wa mwezi ujao. Njoo, kabati halitapanda lenyewe.

Mdogo wako,
Kitindamimba